SOMO: Kupima mbegu ya maharage kabla ya kupanda (msiishie kwenye mzizi)

Wakuu, msimu ukikaribia tu meseji ni zilezile, "mbegu nilipima ikaota vizuri, mbona shambani miche imedumaa". Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia linki.

Haragwe kavu lina protini asilimia 20 mpaka 25 hivi, na karibu nusu ya hiyo ni aina moja tu inaitwa faseolini. Imepakiwa kwenye vifuko vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ndani ya yale mapande mawili, na kazi yake ni akiba ya mche, basi. Sasa sikilizeni vizuri: mzizi kuchomoza hauhitaji sana hiyo akiba. Maji yakiingia kichipukizi kilichobanwa katikati kinajinyoosha chenyewe na mzizi unatoka. Akiba inaanza kuvunjwa kwa nguvu BAADA ya hapo, vimeng'enya (vitu vya ndani ya mbegu vinavyokata protini) vinaikata inakuwa amino asidi, yaani vipande vidogo vya protini, ndo zinaenda kujenga mizizi na majani. Kwahiyo wewe unayehesabu siku ya tatu unashangilia, umepima nusu tu ya kazi.

1. Chota punje 100 toka juu, katikati na chini ya gunia. Usichague nzuri nzuri.

2. Tafuta taulo au kitambaa kisafi cha pamba.

3. Maji. Hapa ndo pa kuumia. USILOWEKE maharage kwenye ndoo usiku kucha, usiniulize nimejuaje. Punje kavu ikizamishwa maji yanaingia kwa kasi, yale mapande yanapasuka kwa ndani, sukari na amino asidi zinavujia nje, na humo ndani hewa hakuna. Asubuhi unakuta maji yana povu na harufu, hiyo ni chakula cha mche umewapa bakteria na ukungu. Lowanisha kitambaa, kikamue mpaka kisidondoshe tone, panga punje zisigusane, kunja, tia kwenye mfuko wa plastiki usiofungwa kabisa. Maji ya baridi sana usitumie, na kitambaa kikianza kukauka nyunyiza, usimwage.

4. Weka ndani penye joto la kawaida, nyuzi 25 hivi. Sio juani.

5. Hesabu siku ya 5 na ya 9. Mche mzima una mzizi, shina, mapande yasiyooza, na ile ncha yenye majani mawili katikati. Ukikuta mzizi safi kabisa lakini ncha haipo, huo usiuhesabu hata kama unapendeza. Mara nyingi unatokana na kupura kwa kupiga na fimbo wakati maharage yamekauka kupita kiasi, ganda la nje linabaki zima kumbe ndani pamevunjika.

6. Mizima ikifika 85 panda kawaida, 70 mpaka 85 ongeza mbegu, chini ya hapo peleka jikoni, ila kama yamewekwa dawa yasiende jikoni wala kwa kuku.

MASWALI

Kijana wa Bonde: Mkuu nimeloweka toka jana yananuka kidogo, nipande tu?

Mtoa somo: Namba 3.

Kijana wa Bonde: Nimesoma lakini babu zetu walikuwa wanaloweka

Mtoa somo: Walikuwa wanaloweka ya kupika. Panda, ni maharage yako.

Shamba Dogo: Yangu yana wiki mbili, yale mapande yamesinyaa yanadondoka, ni ugonjwa? Niweke yuria?

Mtoa somo: Sio ugonjwa, akiba imeisha, ganda tupu linadondoka. Yuria usiiguse. Vile vifundo vya mizizi vinavyovuta nitrojeni ya hewani vinahitaji wiki tatu nne kuanza kazi vizuri, hapo katikati mche unaweza kupauka kidogo. Ukiumwagia yuria nyingi, mche unazembea kutengeneza vifundo.

Mama Kunde: Samahani kaka, kama hiyo protini iko hapo muda wote, kwa nini mbegu haijili yenyewe ghalani?

Mtoa somo: Dada hili ndo swali. Punje ikiwa kavu hakuna kinachotembea ndani, na vimeng'enya vikuu vya kuivunja vinatengenezwa upya baada ya maji kuingia. Faseolini nayo imejikunja vizuri, haikatiki kirahisi. Ila mbegu inazeeka kwa unyevu na joto. Kanuni ya zamani ya wataalam ni kwamba ukipunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia 1 umri wake ghalani unakaribia kuwa mara mbili. Ukitaka kuona akiba inavyofanya kazi, otesha michache kwenye mchanga uliooshwa, mmoja kata pande moja, mwingine kata yote mawili mara tu yanapotoka juu, mwingine acha. Baada ya wiki utaniambia.

Msomaji wa Kitale: Kwetu ni mahindi, ni same?

Mtoa somo: Inafanana ila ghala liko kwingine. Kwenye mahindi akiba imebaki chini ya udongo ndani ya punje, protini yake kubwa ni zeini, na kiini (kile kichipukizi cha ndani) ndo kinatuma homoni kuamsha vimeng'enya. Hesabu siku ya 4 na ya 7. Zeini karibu haina laisini kabisa (amino asidi moja ambayo mwili wetu unaihitaji), maharage yanayo ya kutosha, ndo maana ugali na maharage vinaelewana.

Mama Kunde: Na yakishaota naweza kula mabichi kama saladi?

Mtoa somo: Hapana dada! Hasa mekundu. Kwenye vifuko vilevile kuna lektini, protini yenye sumu, inatapisha na kuharisha vibaya. Mwaga maji uliyolowekea, chemsha yatokote kwelikweli nusu saa, usiyaache kwenye moto wa kuvukiza tu. Choroko ndo watu wanaotesha za kula.

Shamba Dogo: Na punje yenye tundu la fukusi?

Mtoa somo: Inaweza kuota. Lakini aliyekuwa ndani alikuwa anakula nini?

Shamba Dogo: Akiba 😂

Mtoa somo: Haya, umefaulu. Zikaushe vizuri uweke kwenye mifuko isiyopitisha hewa, fukusi anakosa pumzi.