Somo: Ukikwama kwenye mwongozo wa PostgreSQL, andika kabla hujazoea

Wakuu, wiki hii nilikaa na binti anayeandika hesabu za dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Kachoka na daftari, anataka kanzidata, yaani kumbukumbu zilizopangwa kwenye kompyuta, na PostgreSQL ni programu ya kazi hiyo. Tukaanza na jedwali dogo: tarehe, mwenye mtumbwi, idadi ya sado. Akaandika amri, akabonyeza, kimya. Alama ya `mydb=>` ikawa `mydb->`. "Mwalimu, imeganda."

Haikuganda. Alisahau nukta mkato (;) ya kufunga amri, na psql, programu ya kuandikia amri za PostgreSQL, ikawa inamsubiri amalizie. Mimi alama hiyo nilishaacha kuiona miaka mingi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi tukaamua kuwaandikia wenye mwongozo, hivi:

1. Andika palepale ulipokwama: ulichoandika, kilichojibiwa, ulichotarajia. Nakili maandishi yenyewe, usipige picha ya skrini. Ukingoja kesho utakuwa umeshaelewa, na ukishaelewa utaona aibu kuuliza.

2. Tafuta kama halijaelezwa kwingine. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Sehemu ya 2.3, kwenye mafunzo yaliyo ndani ya mwongozo, inasema psql hujua amri haijaisha mpaka ione nukta mkato. Alama inavyobadilika imeonyeshwa pia, ila kwenye ukurasa wa rejea wa psql, ambao mtu wa siku ya kwanza hafiki. Kwa hiyo usiandike "hamjaeleza". Andika "mmeeleza, lakini mbali na anapokwama mgeni". Barua ya kwanza inajibiwa kwa kiungo tu. Ya pili inampa mtu kazi ya kufanya.

3. Hakikisha unasoma toleo la sasa. Juu ya ukurasa utaona namba za matoleo.

4. Pendekeza sentensi yenyewe. "Rahisisheni mwongozo" ni sawa na kumwambia mvuvi alete samaki wazuri. Sisi tuliomba sentensi moja tu: alama ikiwa `->` badala ya `=>`, amri haijaisha, weka nukta mkato.

5. Chini ya kila ukurasa kuna kiungo cha fomu ya kuripoti kasoro. Utahitaji akaunti. Ujumbe unakwenda orodha ya barua pepe ya pgsql-docs, ambayo iko wazi kwa dunia nzima, kwa hiyo majina na madeni ya wateja wako yaondoe kwanza.

MASWALI

Swali (Nyegezi): Mkuu, Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Si watanicheka?
Jibu: Sentensi fupi zinatosha. Wanachohitaji ni ukurasa, amri na jibu la mashine, na hivyo havina sarufi.

Swali (Ilemela): Naweza kutuma marekebisho yenyewe badala ya maelezo?
Jibu: Ndiyo, kama unaijua git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo. Mwongozo unakaa pamoja na msimbo, kwenye folda ya `doc/src/sgml`. Hilo neno sgml, jina la lugha ya zamani ya kupangia maandishi, lisikuchanganye: siku hizi wanatumia XML. Sehemu ya 2.3 imo kwenye faili la `query.sgml`. Rekebisha, toa `git diff` (maandishi yanayoonyesha ulichobadilisha), ambatanisha kwenye barua pepe kwa pgsql-docs.

Swali (Ukerewe): Mfano wao wa hali ya hewa kwenye mafunzo ni wa San Francisco. Tuwaombe waweke Mwanza?
Jibu: Moyo unapenda, lakini mimi nisingepoteza barua kwa hilo. Mji huohuo unatumika tena kwenye sehemu za mbele, ukiugusa unagusa na majibu yote yaliyochapwa. Halafu hakuna aliyekwama kwa sababu ya San Francisco.

Swali (Kirumba, binti mwenyewe): Shikamoo mwalimu. Leo imekuja `mydb'>` na nukta mkato nimeweka!
Jibu: Marahaba. Jina la mwenye mtumbwi lina Ng', sivyo? Hako kakoma psql inakaona ndiyo mwisho wa neno. Andika mbili: `'Ng''wandu'`. Sehemu ya 4.1 inalieleza hilo kwa mfano wa farasi wa Dianne. Nitumie ulichoandika kama kilivyo, usikifute. Hiyo ni barua yetu ya pili.