Kabla ya kufungua huduma ya kufula nguo Lubumbashi: jinsi ya kuuliza nyumba kwa nyumba

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuchukua nguo nyumbani kwa watu, kuzifula, kuzipiga pasi na kuzirudisha. Anayetaka kupeleka makala (makaa ya kupikia) au maji majumbani atafuata njia hiyohiyo.

1. Mitaa. Chagua komini (sehemu za mji) tatu zisizofanana: Katuba, Kampemba, na komini ya Lubumbashi yenyewe. Nyumba 12 kila moja, jumla 36. Gonga mlango mmoja, ruka minne. Ndugu na watu wa kanisa lako waache, hao watakusifu tu. Anza kwa shefu wa kartie, yaani kiongozi wa mtaa, maana mgeni mwenye daftari anayeuliza habari za nyumba hudhaniwa mtu wa kodi.

2. Vifaa. Daftari na kalamu mbili. Fomu za kwenye simu sizipendekezi hata kidogo: ukiinamia kioo, mama anayekujibu anafupisha maneno. Nendeni wawili, mmoja aulize, mwingine aandike, na mmoja wenu awe mwanamke.

3. Siku. Jumamosi asubuhi pita bila kuuliza kitu. Tazama kamba: mashuka mangapi, sare za shule ngapi, nani ameinama kwenye beseni, binti wa nyumba au mtu wa kulipwa. Andika. Rudi Jumapili alasiri, watu wametoka kanisani na wamekaa.

4. Maswali. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ukiuliza "Mama, huduma kama hii ungeipenda?", atasema ndiyo. Mgeni hajibiwi hapana mlangoni. Ukiuliza angelipa ngapi, atataja bei ya kukufurahisha au ya chini ili upunguze, na zote mbili hazina kazi. Uliza yaliyokwisha kutendeka:

- Mara ya mwisho nguo za hapa zilifulwa siku gani, na nani?
- Alilipwa ngapi, kwa beseni, kwa siku au kwa mwezi?
- Sabuni na maji vilitoka kwa nani?
- Nguo gani hamumpi mtu wa nje?

Swali la mwisho lisikose. Nyumba nyingi chupi hufulwa na mwenyewe, na huduma inayodai "nguo zote" hukataliwa bila kuelezwa sababu. Acha mtu anyamaze, usimsaidie kujibu.

Bei iandike kwa pesa iliyotajwa, faranga au dola, na kando yake kiwango cha kambisti (mbadilisha pesa) cha siku hiyo. Ukigeuza kichwani, baada ya wiki mbili hutajua kama bei zilitofautiana au ni dola iliyopanda. Andika pia tarehe, kwa sababu mwisho wa mwezi, mishahara ikiingia, watu huongea kwa ukarimu. Nyumba zile 36 zigawe: nusu karibu na tarehe 30, nusu karibu na 15, na usichanganye majibu yao.

Msimu nao hudanganya. Juni na Julai ni baridi, utasikia habari za mablanketi mazito na vumbi jekundu. Januari ni mvua: kilio ni nguo zisizokauka na harufu yake. Ukiuliza Julai peke yake utanunua mabeseni makubwa, kumbe Januari kinachohitajika ni banda la kuanikia. Kwa hiyo kila nyumba iulize pia kuhusu msimu ule mwingine, tena kwa tukio: "Mvua za mwaka jana, sare ya mtoto ilikauka wapi?"

Uliza kwa Kiswahili cha mtaa. Sema kufula, si kufua, kama wao. Karatasi iliyoandikwa Kifaransa ikisomwa mlangoni, mtu hujibu kama yuko ofisini.

5. Avansi. Mwisho wa mazungumzo taja bei yako na uombe nusu yake palepale kama avansi, yaani malipo ya kutangulia, kwa mfuko mmoja wa nguo utakaochukuliwa Jumamosi ijayo. Mpe risiti yenye siku ya kurudisha, na ukishapokea, lazima ufule, hata kwa mkono na pasi ya makala. Anayesema "pita kesho" muandike hapana.

6. Hesabu. Hesabu avansi tu. Zikiwa chini ya nne kati ya 36, badilisha bei au mtaa, kisha rudia hatua ya 5 kwenye nyumba mpya. Majibu ya hatua ya 4 yatakufaa hadi msimu ugeuke.