Kushona mkoba wa ngozi kwa mashine ya kiwandani, na dawa ya vitanzi kwenye maungio mazito

Juzi kijana mmoja alinifuata karakanani kwangu, hapa Arusha, mkoba mkononi. Kwa mbele mshono ulikuwa umenyooka vizuri kabisa. Akaugeuza. Pale mkanda wa begani unapoingia ubavuni, uzi wa juu ulikuwa umetokea upande wa chini na kujikunja vitanzi vitupu, unaweza kuingiza ncha ya msharasi ukavinyanyua kimoja kimoja.

"Shikamoo dada. Nimekaza uzi mpaka unakatika, na vitanzi viko palepale."

"Marahaba. Weka kwanza hiyo bisibisi chini."

Tulikaa mpaka adhuhuri. Tatizo hilohilo liliwahi kunila usiku mzima, ndiyo maana naandika hatua tulizopitia naye. Mfano wetu ni mkoba wa begani wa ngozi ya unene wa mm 2, iliyosindikwa kwa magome ya miwati, miti ileile inayolimwa Njombe. Ni ngozi ngumu kidogo, na ukingo wake unakubali kung'arishwa. Kama yako ni ya kromu, yaani iliyosindikwa kwa chumvi za kromu, laini kama ya koti, hatua zote ni hizihizi isipokuwa ya mwisho.

Hatua ya 1: Mashine na mota

Cherehani ya nguo haifai kwa kazi hii hata uibembeleze vipi. Tafuta mashine ya miguu miwili inayopokezana: mguu wa ndani unakwenda pamoja na sindano, wa nje unakandamiza wakati wa ndani unarudi, na meno ya chini yanavuta kwa mwendo uleule. Hapo ngozi mbili zilizobandikwa zinakwenda sambamba, ya juu haibaki nyuma. Mimi nashonea Juki DNU-1541, na mashine nyingi za Kichina zimefuata muundo huo. Singer 29K, ile ya mkono mrefu inayotumiwa na mafundi viatu, naiheshimu sana kwa viraka na kwa sehemu za ndani zisizofikika, ila kwa mstari mrefu wa mkoba usiitegemee. Inavuta kwa mguu wa juu tu, na bobini yake, kile kigurudumu kinachobeba uzi wa chini, ni ndogo.

Mota ya klachi toa, weka ya sevo. Kwa hili sibadilishi mawazo. Ya klachi inazunguka muda wote, ukigusa pedali mashine inaruka, na ngozi haisamehe: tundu likishatobolewa limetobolewa. Ya sevo unaishusha mwendo mpaka ishone stichi moja moja. Ukinunua mashine ya mtumba, soma kibati cha mota kabla hujatoa pesa. Ikiandikwa 380 peke yake, hiyo ni ya fezi tatu, na nyumba nyingi zina fezi moja tu.

Mafuta ni yale meupe ya cherehani, si ya gari. Ukishatia, shona kipande kibovu mpaka doa lisionekane tena.

Hatua ya 2: Sindano na uzi

Uzi wa pamba kwenye mkoba sitaki hata kuuona, unaoza kwa jasho na mvua. Chagua nailoni au poliesta iliyogandishwa nyuzi zake, ile ambayo ukiikata ncha haifumuki. Mimi napendelea poliesta kwa sababu inavumilia jua kuliko nailoni, na mikoba yetu inashinda juani.

Kwa ngozi mbili za mm 2, uzi namba 20 juu na chini, sindano namba 22, inayoandikwa pia 140 kwenye pakiti. Ukitaka mshono mwembamba, uzi namba 30 na sindano namba 19 au 20. Namba ya uzi ikipanda, uzi unakuwa mwembamba. Ya sindano ikipanda, sindano inakuwa nene. Wengi wanachanganya hapo.

Angalia pia ncha. Sindano ya nguo ina ncha ya duara inayosukuma nyuzi kando, wakati ya ngozi ina makali yanayokata. Ncha ya LR inatoa stichi zinazolala mshazari kidogo, ya S inazipanga kwenye mstari ulionyooka. Kwa mkoba natumia LR, kwa kuwa ncha ya S inakata kwa kufuata mstari, na ukiweka stichi fupi mashimo yanakaribiana mno mpaka ngozi inachanika kama stempu. Urefu wa stichi uwe mm 4 hadi 5.

Hatua ya 3: Kukata, kunyoa, kubandika

Kata kwa kisu kikali juu ya ubao. Nyoa upande wa nyama, ule wa ndani, ili kupunguza unene kila mahali ngozi zitakapopandana. Paka gundi pande zote mbili, subiri isishike kidole, bandika, gonga kwa nyundo yenye uso laini. Chora mstari wa mshono kwa bikari, mm 4 kutoka ukingoni.

Hatua ya 4: Mkazo wa uzi

Hapa ndipo watu wanapoharibu ngozi nzuri, kwa hiyo usiharakishe.

Lengo ni fundo linalounganisha uzi wa juu na wa chini kuzama katikati ya unene wa ngozi. Lisionekane juu, lisionekane chini. Jaribu kwenye kipande cha ngozi ileile, tabaka zilezile, na gundi ileile. Jaribio la kitambaa, au la ngozi moja isiyobandikwa, halikuambii chochote.

Tunga uzi mguu ukiwa umeinuliwa. Mguu ukiwa chini, sahani za kubana uzi zimefumba, uzi unakaa juu yake badala ya kuingia katikati, na utapata vitanzi mstari mzima tangu stichi ya kwanza. Hilo ndilo kosa rahisi kuliko yote, lichunguze kwanza.

Halafu anza na bobini, si na uzi wa juu. Vuta uzi wake kwa mkono: uje taratibu, kwa uzito unaolingana, bila kukwama na bila kuteleza ovyo. Ukija kwa kushtukashtuka, pitisha kona ya karatasi ngumu chini ya kile kibati chembamba kinachoubana. Utashangaa vumbi la uzi linalotoka humo. Usitumie sindano kusafishia, inakwaruza chuma, na mkwaruzo huo utakusumbua kwa miezi. Bobini ikitulia, usiiguse tena. Kuanzia hapo rekebisha uzi wa juu tu, robo mzunguko kwa mara moja, na kila robo ushone kipande cha majaribio.

Fundo likigoma kupanda, linachungulia kwa chini kama punje ndogo mstari mzima, usikimbilie kukaza. Mara nyingi sindano ni nyembamba kwa uzi huo, na fundo halina tundu la kupandia. Panda namba moja ya sindano kwanza.

Sasa tuje kwa vitanzi vya yule kijana.

Mwaka wangu wa tatu katika kazi hii nilikuwa na mikoba kumi na miwili ya kukabidhi asubuhi. Nilianza kushona saa moja jioni. Mstari wa chini safi, wa ubavuni safi, nikifika kwenye mzizi wa mkanda, vitanzi. Nikivuka, safi tena. Hadi saa saba usiku nilikuwa nimebadili sindano tatu na aina mbili za uzi, nimefungua boksi la bobini sijui mara ngapi, na nimekaza uzi wa juu mpaka ukaanza kukata ngozi pale palipokuwa pazuri. Mikoba miwili niliifumua, na ngozi iliyofumuliwa haishoneki tena vizuri, ina mashimo mara mbili. Nililia, sioni aibu kusema.

Nilikuja kuona chanzo kwa sababu taa ilikuwa upande wa kushoto. Mguu ulipokuwa umepanda juu ya yale maungio mazito, niliona mwanga mwembamba ukipita katikati ya sahani za kubana uzi. Zilikuwa zimeachana.

Maelezo yake ni haya. Ukiinua mguu wa mashine kwa ile nyenzo ya goti chini ya meza ili utoe kazi, kuna kipini kidogo kinachosukuma sahani ziachane, uzi utoke kwa urahisi. Ni jambo zuri. Lakini mashine haijui kama mguu umeinuliwa na goti lako au na unene wa ngozi. Kwenye mzizi wa mkanda tabaka ni nne, yaani mm 8. Mguu unapanda kiasi hicho, na kama kipini kimerekebishwa kuwahi mno, sahani zinafunguka katikati ya mshono. Uzi wa juu unakosa mkazo kwa stichi tano au sita, kisha mguu unashuka na kila kitu kinarudi sawa. Ndiyo maana hata ukaze vipi haisaidii: skrubu unayokaza inabana sahani ambazo tayari zimeshaachanishwa.

Jaribio lake halimalizi dakika moja. Zima mashine. Weka vipande vya mm 4 chini ya mguu, ushushe, vuta uzi wa juu kwa mkono karibu na sindano. Unabana. Sasa weka vya mm 8, shusha mguu, vuta tena. Kama unateleza kana kwamba hakuna kitu, umepata mgonjwa wako. Kijana alipovuta mara ya pili, uzi ulikuja wote mkononi, akanitazama bila kusema neno.

Dawa ni kufuata nyenzo inayotoka kwenye mguu hadi kwenye kipini, kwa kawaida iko nyuma ya kichwa cha mashine. Legeza skrubu yake, sogeza kidogo ili ichelewe kusukuma, kaza, rudia jaribio la mm 8. Ila angalia: usiicheleweshe mpaka isisukume kabisa. Mguu ukiinuliwa mpaka mwisho kwa goti, sahani lazima zifunguke, la sivyo kila ukitoa kazi utavuta uzi kwa nguvu, sindano itapinda, na sindano iliyopinda inagonga ndoano, ile inayozunguka chini na kushika uzi wa juu. Mashine nyingine hazina nafasi ya kurekebisha. Hapo wapo wanaong'oa kipini kabisa na kuzoea kulegeza uzi kwa mkono kila mara. Inafanya kazi, ingawa mimi siipendi.

Hata ukisharekebisha, punguza unene. Mzizi wa mkanda hauhitaji mm 8. Nyoa zile tabaka mbili za ndani zibaki mm 1 kila moja, utakuwa na mm 6, na macho hayataona tofauti.

Na usichanganye vitanzi na stichi zilizorukwa. Stichi ikirukwa, uzi wa juu umelala mrefu juu ya ngozi, na uzi wa chini haukushikwa. Hapo shida si sahani. Ngozi inanyanyuka pamoja na sindano inapotoka, kitanzi kinakosa kujifungua chini, na ndoano inapita patupu. Ongeza mgandamizo wa mguu, badili sindano iliyochoka, na vuka maungio kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono.

Hatua ya 5: Kushona

Shika ncha za nyuzi zote mbili nyuma ya mguu, stichi tatu za kwanza zungusha kwa mkono. Ukiachia, uzi utajikusanya chini kama kiota.

Kwenye kona usigeuze ngozi sindano ikiwa chini kabisa. Iache ianze kupanda kidogo, ndoano iwe imeshashika uzi, ndipo inua mguu ugeuze. Ukigeuza mapema, stichi ya kona itarukwa.

Mwishoni rudi nyuma stichi tatu kwenye matundu yaleyale. Kama mashine yako ikirudi haiangukii matundu yaleyale, acha kabisa kurudi kwa nyenzo: vuta nyuzi zote upande wa ndani, kata ubakize mm 3, yeyusha kwa kiberiti cha gesi, bonyeza kwa ubapa wa msharasi.

Mguu wa nje wenye meno unaacha alama kwenye ngozi ya magome, na alama hizo hazitoki. Nunua mguu laini, au saga meno ya ule wa zamani mpaka yaishe, kisha ung'arishe chuma.

Hatua ya 6: Ukingo

Mnunuzi anayejua ngozi hushika ukingo kabla hajatazama mshono.

Sugua kwa msasa namba 220 mpaka tabaka zionekane kama moja na mstari wa gundi upotee. Vunja pembe zote mbili kwa kisu cha ukingo, kisha msasa 400, kisha 600. Lowesha kwa kitambaa chenye maji, unyevu tu, maji yasitiririke. Sugua kwa kipande cha mpingo kilichochongwa mfereji unaolingana na unene wa ngozi. Mpingo haunywi maji kirahisi. Nimejaribu plastiki na miti mingine, nimerudi hapohapo.

Mkono unatosha kwa mkanda mmoja. Kwa mikoba kumi, chonga mpingo wa duara wenye mifereji, ufunge kwenye mota ya mizunguko kama 1,400 kwa dakika. Usiende zaidi ya hapo, ukingo utaungua na kuwa mweusi kwa madoa. Pitisha ngozi bila kusimama mahali pamoja. Ukisikia harufu ya nywele zinazoungua, umekandamiza mno.

Mwisho paka nta ya nyuki, sugua tena kwa mpingo, malizia kwa kitambaa cha jinzi. Ngozi ya kromu haitang'aa hata usugue mpaka kesho. Hiyo itie rangi ya ukingo, tabaka nyembamba tatu, na msasa 600 kati ya tabaka moja na nyingine. Iache usiku kucha kabla hujaufungasha mkoba, maana rangi iliyokauka juu tu hushikana na karatasi.