Poinsetia iwake nyekundu Krismasi hapa Kigoma: mpe giza la kutosha

Naongelea poinsetia ile ya kwenye chungu, siyo mkrismasi ule mti mkubwa wa kivuli. Wengi huku Mwanga na Ujiji wanalalamika inabaki kijani tu, wanaongeza mbolea weee, kumbe shida ni giza. Huu mmea unahesabu urefu wa usiku, na sisi Desemba mchana unapita kidogo masaa 12, usiku hautoshi.

Kuanzia mwisho wa Septemba ufunike kila siku saa 11 jioni, ufunue saa 1 asubuhi, yaani masaa 14 ya giza, wiki 8 mpaka 10 bila kuruka. Tumia boksi gumu la karatasi, tundu zote za kushikia ziba na utepe wa gundi wa karatasi. Nailoni nyeusi mimi siitaki kabisa, inabana joto, na usiku ukiwa na joto sana rangi inachelewa. Ingia ndani ya chumba mchana, inua boksi juu kuelekea kwenye mwanga uangalie kwa ndani, ukiona hata kidoti cha mwanga bado hujaziba. Taa ya barabarani, tivii, tochi ya simu ukichungulia usiku, vyote vinavuruga hesabu.

Mchana sasa uweke dirishani upate mwanga mwingi, maji uyatie udongo wa juu ukishakauka. Majani ya juu yakishaiva rangi vizuri acha kufunika. Utomvu wake unawasha, nawa mikono, watoto wasiuchezee.