Kuandaa mswada wa mashairi usomeke na asiyeona

Mara ya kwanza nilipompelekea mwenzangu mashairi niliyoyanakili kutoka mswada wa khati za Kiarabu, aliyasikiliza kwenye kompyuta yake kisha akanipigia simu: "Shoga, shairi gani hili la mizani nane? Na mbona halina maana?" Yeye haoni tangu utotoni, na katika kuhesabu mizani, yaani silabi za mshororo, simfikii. Mimi nilikuwa nimeyapanga kwa safu mbili, ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) kushoto na utao (nusu ya pili) kulia, yapendeze macho. Programu inayomsomea skrini ikateremka na safu ya kushoto hadi chini, ndipo ikarudi juu kuanza ya kulia. Kila mshororo ulikatwa kiuno.

Basi anza hapo. Mshororo mmoja uwe mstari mmoja, na koma kati ya ukwapi na utao. Usitumie safu, wala visanduku vya maandishi.

Kabla ya hapo, hakikisha ulichonacho ni maandishi. Ukurasa ulioskaniwa ni picha tu. Programu ikiufikia, inanyamaza au inatamka jina la faili. Kama ni kitabu kilichopigwa chapa kwa herufi za Kilatini, Tesseract, programu ya kugeuza picha kuwa maandishi, ni ya bure na inakijua Kiswahili, itakutolea maandishi. Khati ya mkono keti uichape mwenyewe. Kisha soma tena neno kwa neno, hasa penye ng'. Alama ile ikidondoka, "ng'oa" inakuwa "ngoa" (wivu), na katika shairi la mapenzi yote mawili yanaingia! Mwenye macho anaweza kurudi kutazama picha. Anayesikiliza anabaki na ulichompa.

Vichwa usivifanye kwa kukoleza wino na kukuza herufi. Katika Word tumia mitindo ya vichwa: bonyeza Ctrl, Alt na 1 kwa jina la shairi, 2 kwa sehemu zake. Anayetumia NVDA, programu ya kusoma skrini, ataruka kutoka shairi hadi shairi kwa herufi H, badala ya kusikiliza kurasa 60 kutafuta moja. NVDA nayo ni ya bure. Aliianza kijana wa Australia asiyeona mwaka 2006, baadaye akaungana naye mwenzake, naye haoni. Weka pia lugha ya maandishi kuwa Kiswahili, na nukuu za Kiarabu uziwekee Kiarabu, la sivyo huenda beti zako zikasomwa kwa matamshi ya Kiingereza. Nimewahi kuyasikia, yanaumiza.

Rangi peke yake isibebe maana. Nilizoea kutia wekundu maneno niliyokuwa na shaka nayo. Siku hizi naandika [shaka] au [haisomeki] papo hapo. Maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano wa mwangaza usiopungua 4.5 kwa 1, kwani wapo wanaoona kwa shida.

Kazi ninayoipa muda mwingi ni maelezo ya picha za mswada. "Picha ya ukurasa wa mswada" haimsaidii mtafiti. Jiulize yeye angeitazama picha hiyo kwa nini. Huu hapa mfano wangu mmoja: "Ukurasa wa utenzi, mistari 15, kila mstari ubeti mmoja. Wino mweusi, alama nyekundu zinatenga vipande vinne. Kona ya chini kushoto imeliwa na mchwa, kina cha mwisho cha beti tatu kimepotea. Pembeni kuna neno lililoongezwa kwa mkono mwingine, wino hafifu." Khati inakwenda kulia kuelekea kushoto, kwa hiyo mchwa wa kushoto wamekula vina. Jambo hilo lazima alijue.

Ukihifadhi kama PDF, tumia "Save As" na uache alama za muundo zimewashwa. Njia ya kuchapisha kwa PDF huvipoteza vichwa vyote.

Mwisho zima skrini, washa NVDA, sikiliza mashairi matatu kamili huku ukihesabu mizani kwa vidole. Mimi hufanya hivyo usiku nyumbani kukiwa kimya. Juzi nilikwama kwenye ubeti wa nne, mshororo wa mizani 15 badala ya 16. Nikafungua picha: "na" moja nilikuwa nimeiruka.