Kolaji ya Dada kwa mkasi na gundi ya unga

Dada, vuguvugu la sanaa, ilizaliwa Zürich, Uswisi, Februari 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vikipamba moto. Wasanii wake waliona kwamba ustaarabu uliojisifia uzuri ndio uliokuwa ukiwamaliza vijana mahandakini, wakaukataa pamoja na kanuni zake za uchoraji. Huko Berlin, Hannah Höch alikata picha za magazeti kutengeneza kolaji, yaani picha ya vipande vilivyobandikwa pamoja; huko Hanover, Kurt Schwitters aliokota tiketi na vifungashio. Hapa Moshi malighafi ni hizohizo: magazeti, kadi za harusi, tiketi za basi la Arusha, mfuko wa saruji, kalenda ya mwaka jana.

Msingi uwe hadibodi ya sentimita 30 kwa 40. Boksi jembamba litapinda.

Gundi ndiyo huwashinda wengi. Koroga vijiko vikubwa 4 vya unga wa ngano katika nusu kikombe cha maji baridi hadi mabonge yaishe, kisha mimina kwenye kikombe 1 cha maji yanayochemka. Endelea kukoroga dakika 3 hadi 5, mpaka ing'ae na iwe nzito kama uji. Ukitia unga mkavu kwenye maji ya moto, mabonge hayatoki tena. Iache ipoe. Ikianza kunuka uchachu, mwaga.

Sasa kata, ila usibandike chochote kwanza. Chukua Kibo ya kwenye kalenda, igeuze kichwa chini, iote miguu ya mchezaji mpira, na juu yake weka birika kubwa kuliko mlima. Vipimo visilingane, na maungio yaonekane wazi. Anayeficha maungio na kusawazisha rangi huishia kwenye picha ya kuuzia watalii, yaani kulekule Dada ilikokukimbia.

Mpangilio ukikaa, upige picha kwa simu, maana vipande vitahama. Gazeti likilowa hutanuka, likikauka husinyaa. Mikunjo hutokea hapo. Paka gundi nyuma ya kipande, subiri dakika 1 kitanuke, ndipo ukibandike na kusukuma hewa kwa kitambaa kutoka katikati kwenda pembeni. Unapobandika juu ya karatasi ya kalenda inayong'aa, ikwaruze kwanza kwa msasa laini, la sivyo kipande kitabanduka. Nyuma ya hadibodi bandika gazeti zima, mvutano uwe sawa pande zote.

Funika kwa nailoni, weka vitabu vizito juu. Juni na Julai, Moshi ikiwa na baridi na mawingu, acha siku 2. Usianike juani: upande wa juu utakauka haraka na kuivuta kazi yote ijikunje.