Piga hesabu, usikariri: nukta nne za Saam

Wanafunzi wangu hapa Arua, Uganda, huja na madaftari yaliyojaa majina ya nukta za tiba ya sindano, yaani sehemu za mwili zinazochomwa sindano ili kutibu. Huwaambia wayafunge. Mtindo wa Saam, mtawa wa Kibudha wa Korea wa karne ya 17 ambaye jina lake halisi halijulikani, hupigiwa hesabu. Usimchanganye na Heo Jun, tabibu wa mfalme, ambaye kitabu chake cha tiba, Donguibogam, kilichapishwa 1613. Yule alikusanya, huyu alichuja.

Chora duara: mti, moto, udongo, chuma, maji. Kila kimoja humzaa anayefuata. Ukiruka mmoja unampata adui: moto huyeyusha chuma, chuma hukata mti, mti hutoboa udongo, udongo huzuia maji, maji huzima moto.

Sasa chukua mama mkaanga chapati, moshi wa makaa umemdhoofisha mapafu. Katika tiba hii kila kiungo kina asili yake kwenye duara: mapafu ni chuma, na mama wa chuma ni udongo. Kila kiungo pia kina mkondo, njia ya nguvu mwilini, wenye nukta ya kila kimoja kati ya vile vitano. Basi imarisha nukta ya udongo kwenye mkondo wa mapafu, na ya udongo kwenye mkondo wa wengu, maana wengu ndio udongo wenyewe. Hadi hapo ni elimu ya Wachina wa kale. Saam aliongeza jambo ambalo kwangu ndilo werevu wake wote: mbane adui pia. Adui wa chuma ni moto, na moyo ndio moto: punguza nukta ya moto ya moyo na ya moto ya mapafu. Nne zimetimia.

Ya kwanza iko kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, upande wa dole gumba, kando ya mshipa unaodunda. Ya pili, ukingo wa ndani wa mguu, kibonyeo kilicho nyuma tu ya fundo la dole gumba la mguu. Ya tatu, kunja ngumi: ncha ya kidole cha mwisho inapogusa kiganja, ndipo. Ya nne, katikati ya mnofu wa dole gumba la mkono, ngozi ya kiganja inapopakana na ya nje.

Sindano waachie waliosomea. Wewe sukuma kwa dole: kuimarisha, fuata mkondo (mkononi kwenda vidoleni, mguuni kupanda juu), kupunguza, kinyume chake. Mwenye pumu asiache pampu yake. Kikohozi cha wiki 2 mimi sikigusi kabla ya kipimo cha kifua kikuu.

Jaribu mwenyewe tumbo, ambalo ni udongo. Moto wake hautoki kwenye moyo: tumbo ni yang (kundi la viungo vyenye uwazi, ilhali moyo ni wa kundi la yin) na hukopa kwa yang tu, kwa hiyo nenda utumbo mwembamba, ambao ndio moto wa yang. Adui mtafute kwenye nyongo, ambayo ni mti.